Apolinari Mutalemwa na Kaseti za Mdogo Wake

Ndugu, majirani na marafiki mliokaa nasi tangu Jumatano, familia inaomba utulivu ili tuwasomee maisha ya Apolinari kama yalivyokuwa, bila kuyapaka rangi.

Marehemu Apolinari Mutalemwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Kanyigo, Bukoba, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Albano na Mama Kokuberwa, akasoma shule ya msingi hapohapo kijijini, na mwaka 1970 akaja Dar es Salaam, akaajiriwa ukarani katika kampuni ya kugomboa mizigo, Kurasini. Tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa na Sesilia, wakajaliwa Brightson mwaka 1979 na Hope mwaka 1983, wakaishi Temeke katika nyumba ambayo wengi wenu mnaijua kwa kelele zake.

Kelele zile chanzo chake ni mdogo wake, Kornelio, aliyemlea tangu 1980, na ambaye baadaye alipiga gitaa la solo katika bendi ya Mlimbo Jazz. Apolinari hakujua kuimba wala kucheza, kazi yake ilikuwa kuketi karibu na spika kila Jumapili, redio kaseti mapajani, akirekodi wimbo mmoja tu, "Tunu Rudi", kwa sababu chemko lake, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanaachiwa yaende yanakotaka, Kornelio hakulipiga vilevile hata mara moja. Kesho yake, yeye na mwenzake wa kazi, Mbwana Khalfani, walikaa barazani wakilinganisha kaseti hii na ile, Mbwana akishikilia ile ya Mwenge ya 1988, marehemu akishikilia ile ya Krismasi ya 1990, wakabishana mpaka ugali unapoa, na sharti lao lilikuwa moja, hakuna kusifia kwa undugu.

Agosti 1992 walisikiliza kaseti mpya, gitaa likasikika limelegea, marehemu akasema betri zimekwisha. Mbwana alikwenda dukani, akarudi na betri mpya, wakaiweka tena, na gitaa likaja vilevile, linazunguka chini chini, linafika pale pa kupanda na kugeuka kurudi chini. Kornelio alikuwa hajalalamika hata mafua. Siku ile marehemu aliujua ugonjwa wa mdogo wake kabla ya daktari yeyote, na bado aliendelea kwenda kurekodi, mpaka Novemba 1993, Kornelio alipopandishwa jukwaani kwa kushikwa mikono. Tulimzika Februari 1994.

Mwaka huohuo kampuni ilipunguza wafanyakazi, marehemu naye akapunguzwa, akauza mitumba Tandika, na mwaka 1996 akagundulika kuwa na kifua kikuu. Sindano alizochomwa zilimpa nafuu kidogo ya kifua, ila zikamwondolea masikio, mtu aliyeishi kwa kusikia, na jambo hilo lilituuma kuliko kikohozi chenyewe.

Jioni ya tarehe 3 Juni 1997 alimwomba Mbwana aweke kaseti ya mwisho, ile ya Novemba, akalaza kiganja juu ya spika ya redio, akamtazama mwenzake mdomoni na kuuliza, "Anapanda?"

Mbwana akajibu, "Anapanda, braza."

Marehemu hakuondoa mkono mpaka chemko likaisha. "Muongo wewe, Mbwana," akasema, "ila asante." Alifariki alfajiri iliyofuata.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Temeke waliobeba maji na kuni, wafanyakazi wenzake wa Kurasini, na wanamuziki wa Mlimbo Jazz, wale waliobaki. Kwako Mbwana, uliyeomba mwenyewe haya yasomwe mbele ya watu, hatuna kinyongo na uongo ule, hata sisi tungeusema.

Leo tunamlaza hapa Kinondoni, ubavuni mwa Kornelio, kama alivyotaka. Apolinari, pumzika kwa amani, na mdogo wako akianza kupiga, usikie mwenyewe.