Magazini Aliyompa Surinder

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa Stanmore, familia inawaomba mtulie msikie maisha ya mpendwa wetu Jotham Mwiti Kirimi, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Nkubu, Meru, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kirimi na Mama Gakii, akasoma hukohuko Meru, akahitimu uuguzi Nairobi mwaka 1984, na mwaka 1990 akaja London, alikohudumu katika wadi za upasuaji hadi alipostaafu mwaka 2021.

Tarehe 7 Agosti 1993 alifunga ndoa na Lydia Nyambura, wakajaliwa Tevin na Lorraine.

Starehe yake ilikuwa kulenga shabaha, katika klabu alikopelekwa na rafiki yake Surinder Singh, mzaliwa wa Nakuru anayeishi Southall. Jotham ndiye aliyeaminiwa kuchagua magazini, yaani kile kikasha cha risasi kinachochomekwa chini ya bunduki, kwa kuwa alikagua midomo yake, pale risasi zinapotokea, kama imepinda, akapima springi kwa kidole gumba, akaijaza risasi zilezile za mashindano na kuzipiga zote, na iliyokwama bila sababu aliipaka rangi ya kucha ya Lydia, ikabaki ya mazoezi tu.

Sasa tunafika mahali ambapo yeye mwenyewe alituagiza tusiparuke. Septemba 2022, wakiwa fainali wao wawili, magazini ya Surinder ilianguka sakafuni ikapinda, akamgeukia mwenzake. Jotham alikuwa na mbili nzuri za akiba, na nyingine iliyokwama mazoezini wiki ile ambayo hakuwa ameipaka rangi bado, akampa hiyo.

"Hii iko sawa?" Surinder akauliza.

"Iko sawa kabisa, ndugu yangu."

Ilikwama kwenye risasi ya tatu, kombe likaenda kwa Jotham, na Surinder, ambaye macho yake yalikuwa yakififia na aliyejua kwamba hatashindana tena, akamkumbatia akisema ni bahati mbaya tu.

Kombe lile halikuwahi kuwekwa sebuleni. Jotham aliacha klabu, akawa hapokei simu za Surinder, chakula kikawa hakipiti, Lydia akadhani anaumwa. Alipokuja kuumwa kweli, Januari 2025, saratani ya kongosho, alimwita Surinder kitandani akamwambia, "Nilijua inaweza kukwama, nikakupa."

Surinder alivaa koti akaondoka. Wiki kadhaa zikapita, kisha akarudi na chupa ya chai ya tangawizi, akaketi, na Jotham alipomuuliza kama amemsamehe, akajibu, "Kunywa chai, inapoa." Akawa anakuja kila Alhamisi, swali lile Jotham akaliuliza tena na tena, akamiminiwa chai, hadi tarehe 22 Mei 2025 alipotutoka, Lydia na watoto wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani walioleta chakula mlangoni, wenzake wa wadi waliokesha naye kwa zamu, na Bwana Surinder Singh, ambaye asubuhi hii, bila kuombwa na mtu, amesogea mbele akashika jeneza.

Jotham, umepumzishwa, lala kwa amani.