Kidole Gumba cha Pola

Kijiwe chetu cha Shella, hapa Malindi, kina benchi moja, dele moja la kahawa na watu wanaojua kila kitu. Mwenye kahawa ni Pola. Tangu kiharusi kimshike mkono wa kulia, twajimiminia wenyewe, na twamimina vibaya: mmoja ajaza mpaka pomoni, mwengine abakishiwa machicha. Hospitalini aliambiwa kidole gumba kikiamka, mkono nao utafuata. Basi bintiye Sidi akamtilia mchezo wa gofu kwenye simu. Mpira wauvuta nyuma kwa kidole, wauachia, wagonga ubao, ubao waangusha kasha shimoni, ndipo mpira upite juu yake hadi kwenye kitundu chenye bendera. Pola aliapa hatashika dele mpaka mpira huo uingie. Sisi tukaapa kumsaidia, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

— Umekwenda kushoto tena! alisema Mwaringa, mziba pancha tunayemwita Injinia. Nimewaambia, tatizo ni benchi. Limelala upande wa barabara.

— Mpira uko ndani ya simu, bwana, nikamwambia.

— Na simu iko wapi? Mkononi mwa Pola. Na Pola? Kwenye benchi. Sasa?

Injinia akaleta tofali, tukainuka sote, akalisukuma chini ya mguu wa benchi.

Pola akavuta. Kidole kikatetemeka, mpira ukaenda kushoto.

— Ni chumvi hiyo, alisema Kenga, ambaye kwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha chumvi kule Gongoni jina lake limekuwa Chumvi. Hewa yetu hii yaingia kwenye kioo, mpira wawa mzito. Kule kazini hata redio yazungumza kwa kwikwi.

Akaichukua simu akaifuta kwa shati lake, ambalo lina chumvi kuliko Malindi nzima.

— Nyinyi hamjui kitu, alisema Ochola, karani mstaafu wa mahakama, tunayemwita Hakimu. Hii mchezo ilitengenezwa na watu wa baridi. Mpira umezoea baridi, hapa unalegea. Leteni beseni ya maji.

— Uitie simu majini?

— Kando ya maji! Mimi si mjinga.

— Tuununulie na feni, nikasema.

Pola alikuwa akicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akaacha.

— Jamani, jana Sidi aliniuliza kama tuliuze dele. Nikamwambia bado. Sasa hebu ninyamazieni kidogo.

Kunyamaza, kwa kijiwe chetu, ni kazi nzito. Tulinyamaza. Kidole kikavuta polepole, kikatetemeka, kikatulia. Akauachia. Ubao ukalala, kasha likatumbukia, mpira ukapita juu yake, ukazunguka mdomo wa kitundu kana kwamba watutania, ukaingia.

Hakimu akaanza pambio. Chumvi akasema alhamdulillahi, akairudia.

— Tofali! Si niliwaambia? akapiga kelele Injinia.

— Tofali limenivunja mgongo, alisema Pola, na machozi yalikuwa yakimtoka.

Nami nilishukuru, sifichi. Nilishukuru hata tofali.

Hapo akapita Moraa, mwalimu mgeni wa mtaa wetu, akasimama.

— Shikamooni. Samahani, hapa kahawa humiminwa na nani?

Injinia akamtazama Chumvi, Chumvi akamtazama Hakimu, Hakimu akanitazama mimi. Kusema ni sisi ilikuwa kumpokonya Pola kazi yake. Kusema ni Pola ilikuwa kumlazimisha. Watu wanaojua kila kitu wakakosa la kusema.

Pola akainuka. Akajifuta kiganja kwenye kikoi, akalishika dele kwa mkono wa kulia. Lilicheza, nikataka kulidaka, Injinia akanishika shati. Kahawa kidogo iliyosalia ikashuka, nusu kikombeni, nusu mchangani, mpaka dele likawa tupu.

— Niwie radhi, mwalimu. Mkono bado wajifunza.

— Imetosha kabisa, alisema Moraa, akaipuliza.

Sisi wengine hatukupata hata tone. Tulikaa na vikombe vyetu vitupu kwenye benchi lililopinda, tukimshukuru Mungu.