Ildefonce Bukuru na Kompyuta ya Chuo

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wetu, shikamooni.

Marehemu ndugu yetu Ildefonce alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 Ntobeye, wilayani Ngara, mtoto wa tatu wa mzee Bukuru, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha sekondari Rulenge mwaka 1996 hadi 1999, na tangu utotoni alikuwa mbishi, hilo halifichiki hata leo tunapotakiwa kusema mema tu.

Mwaka 2006 aliajiriwa kufundisha kompyuta katika chuo cha ufundi Biharamulo, na tarehe 8 Agosti 2009 alifunga ndoa na mwalimu mwenzake, Tecla, huyu mnayemwona, wakajaliwa watoto wawili, Happyness na Danstan, na kompyuta kuu ya chuo nayo tuihesabu, maana iliwasumbua kuliko watoto. Kila Linux, mfumo unaoiendesha, ilipogoma, Ildefonce aliiwasha kwa flashi, akaingia ndani ya mfumo ulioanguka, njia ambayo mafundi huiita chroot, lakini aliingia kabla ya kuunganisha /dev na /dev/pts, yaani njia za kufikia vifaa vya mashine na terminal, dirisha la kuandikia amri, basi akitaka kutoka kwenye root, jina la msimamizi mkuu, ahamie jina lake la mtumiaji, mashine inalalamika haina terminal, naye anagombana nayo mpaka chai inapoa, wakati Tecla kashamwambia mara ngapi jamani, unganisha kwanza ndipo uingie.

Januari mwaka huu, 2025, figo zilianza kumsumbua, daktari akamwamuru alale apumzike, akasikia? Thubutu. Kazi za mtihani za wanafunzi zilikuwa chini ya jina lake, mashine imegoma tena, naye akang'ang'ania aletewe wodini alikolazwa, Tecla akakataa, wakanuniana siku nzima, na hilo ndilo linalomuuma Tecla mpaka sasa. Alifariki Jumatano tarehe 4 Juni asubuhi, kazi bado zimekwama.

Juzi mashine ililetwa hapahapa msibani, kwa sababu mwisho wa kupokea kazi ulikuwa jana. Tecla, kwa uchungu na hasira, akaingia bila kuunganisha, kosa lilelile la mumewe, mashine ikamkatalia, akacheka huku analia, akatoka, akaunganisha, akaingia upya, akahamia jina la marehemu, kisha akaandika whoami, yaani kuiuliza mashine yeye ni nani humo, ikamjibu: ildefonce. Kisha akazituma kazi za wanafunzi, moja baada ya nyingine. Chuo kimeuliza kama jina hilo lifutwe, Tecla amesema liachwe, na sisi ukoo tunasema liachwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa kumvumilia mgonjwa wa aina ile, majirani mliochota maji na kuleta ndizi, na walimu wenzake mliobeba jeneza.

Ildefonce, kazi za wanafunzi zimefika zote. Sasa lala, kama daktari alivyokwambia. Pumzika kwa amani.