Maisha ya Breki, Mkimbiaji na Mwalimu wa Jumamosi

Siku ya Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, saa mbili na dakika kumi asubuhi, katika wodi namba nne, mama yake akiwa amemshika mkono na mimi nimesimama miguuni pa kitanda, binti yetu alivuta pumzi ya mwisho, Mungu akamchukua. Ndugu waombolezaji, mimi ni baba yake mkubwa, familia imenituma niwasomee maisha yake, nitasoma polepole, mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 2006, mtoto wa pili kati ya wanne wa mdogo wangu, fundi bomba, na mkewe, fundi cherehani. Alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu hapo hatukumbuki kumwona akitembea tena, alikuwa mtu wa kukimbia tu, akipita katikati ya nguo za majirani zilizoanikwa na kwenda nazo, ndipo mtaa ukampa jina la Breki, kwa sababu breki hakuwa nazo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 2013 hadi 2019, na Januari 2020 akaingia sekondari, akaichezea shule yake mpira wa pete na mpira wa wavu, akaikimbilia mbio za mita mia nne, akaleta nyumbani medali kumi na moja, ambazo mama yake alizitundika kwenye kabati la vyombo mpaka mlango ukagoma kufunga. Tarehe 17 Septemba 2022 fainali ya mpira wa pete na ya mbio zilipangwa wakati mmoja, basi wakati wa mapumziko akatoka, akakimbia na sketi yake ya mpira wa pete, akawa wa pili, akarudi kumalizia mchezo, na mwamuzi wa mbio akabaki akiuliza yule dada amepotea njia au vipi.

Hapa ndipo husomwa kazi, ndoa na watoto. Marehemu hakuolewa, wala hakujaliwa mtoto wa kumzaa, ila kazi alikuwa nayo, kila Jumamosi asubuhi aliwafundisha michezo watoto ishirini na saba wa mtaa, kwenye kiwanja nyuma ya mashine ya kusaga. Mmoja wao hasikii, basi Breki akaitia filimbi mfukoni, akawa anaanzisha mbio kwa kushusha kitambaa, ili wote waanze pamoja. Wachezaji wenzake aliwapandisha na ndoo za maji hadi ghorofa ya tatu, kwa bibi mjane wa jengo letu, na walipolalamika akawaambia, "Jamani, bibi ana miaka themanini na ngazi hizi hajawahi kuzilalamikia!"

Februari 2023 goti la kushoto lilianza kumuuma. Mwalimu wake wa michezo alilifunga bandeji, mama yake akalichua kwa dawa, mimi nikasema ndiyo michezo hiyo, na yeye akacheka, akaendelea kucheza. Tulikaa hivyo miezi mitatu. Tarehe 22 Mei daktari alituambia ni saratani ya mfupa, na tarehe 12 Juni alikatwa mguu juu ya goti. Septemba alirudi shuleni kwa magongo, na Jumamosi akarudi kwa watoto wake, akiwafundisha ameketi kwenye kiti. Januari mwaka huu ugonjwa ulionekana mapafuni.

Sasa naomba mnisikilize vizuri. Imesemwa mtaani kwamba mwalimu wake wa michezo alimkimbiza mtoto mpaka mguu ukaoza, na mwalimu amesikia, ndiyo maana tangu juzi anakaa kule nyuma karibu na geti. Daktari alitueleza sote kwamba saratani hii haikuletwa na mazoezi, ilianza yenyewe ndani ya mfupa. Kama kuchelewa ni kosa, tulichelewa wote, na mkubwa ni mimi. Wiki ya mwisho marehemu alisema, "Mama, mwalimu anajilaumu, mwambieni aache, mimi nilicheza kwa kupenda."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, wanafunzi wenzake, na mafundi wenza wa baba yake. Na wewe, mwalimu, asante kwa miaka yote uliyompa mtoto wetu, mama yake anakuomba uje mbele, ukae kwenye kiti hiki kando yake. Tunakungoja, hatutaomba kabla hujafika.

Asante, mwalimu, keti hapo, sasa tuombe. Ee Mungu, tunakushukuru kwa miaka kumi na minane, mpokee binti huyu, na sisi tuliobaki utufundishe kushikana. Pumzika, mwanetu, katika amani ya Bwana. Amina.