Wa Mbele Hageuki

Tumsifu Yesu Kristo! Hee, mmeitikia kama watu walionyimwa wali. Haya, inatosha. Mama mwenyekiti anataka nisogee katikati ili na walio nyuma wanione uso. Shikamoo mama, lakini leo naomba nisimame hapa hapa. Walio nyuma yangu waridhike na mgongo. Sababu mtaijua.

Ndugu zangu wa jumuiya, mnanijua. Nikivua perege mmoja, nikifika kwenu ameshakuwa kambale wa kilo arobaini. Leo nitajitahidi. Nikizidisha, mke wangu yule pale atakohoa.

Mimi nilizaliwa ndani ya mtumbwi. Umeanza kukohoa mapema hivyo, mama watoto? Basi, karibu na mtumbwi. Shule nilienda siku mbili, na hiyo ya pili nilifuata kofia niliyoisahau ya kwanza. Kazi yangu ilikuwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Masika mbuga ikijaa, navusha watu na magunia ya mpunga. Na nilikuwa na mwenzangu. Jina simtaji. Yeye anasimama nyuma, anasukuma na kuelekeza. Mimi mbele, natazama kiboko, gogo, na maji yanayozunguka vibaya.

Nanyi mnajua sheria ya huku kwetu: wa mbele hageuki. Ukigeuka, mtumbwi unalala. Tena umemtukana mwenzako, umemwambia simwamini. Miaka yote ile sikugeuka hata mara moja. Uso wake nilikuwa nauona Jumapili tu! Siku nyingine nilimjua kwa kikohozi. Na ndiye aliyemshika mwanangu wa kwanza kwenye ubatizo.

Siku moja nikapanda lori la mchele mpaka Dar. Nikapata kibarua cha kuosha mashua za mashindano. Siyo hizi mnazozijua. Hizi zinashindana bahari kuu, siku tano hamuoni nchi kavu, mnakwenda na upepo peke yake. Tanga lake moja ukilitandaza hapa kwetu Michenga, mpunga wote utakosa jua.

Nani kasema muongo? Mtani wangu, nyamaza, zamu yako itafika!

Basi kapteni, Mzungu mwenye Kiswahili cha kuokoteza, akanikuta nimesimama ukingoni nasugua mashua, mawimbi yanaitikisa, mimi natafuna muwa.

"Wewe hapana anguka?"

"Kapteni, kwetu ukianguka kuna mwenyewe anakusubiri chini, ana mdomo mrefu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake nikawa baharia. Baada ya misimu miwili nikashika usukani. Wenzangu wanatazama vioo vya kompyuta, mimi natazama maji na kusikiliza upepo kwa shingo. Tukashinda. Tukashinda tena. Samaki wakaanza kutupisha njia. Kohoa tu, mke wangu, hilo nalikubali.

Sasa, mtu akila vizuri anamkumbuka mwenzake. Nikamwambia kapteni, nyumbani nimeacha mtu mmoja, mlete. Akaja. Yeye ana kidato cha nne, mimi hata jina langu sikuweza kuliandika. Watu wawili tu duniani walijua hilo: mke wangu na yeye. Kila mara kabla ya mashindano tunapewa karatasi ya njia, kapteni ameshaigeuza Kiswahili. Mwenzangu ananisomea pembeni, mimi naikariri kama Baba Yetu. Kapteni akiuliza, "Umesoma?" najibu, "Nimesoma." Huo ulikuwa uongo wangu, simsingizii mtu.

Ndipo kapteni akatangaza safari kubwa. Kuvuka bahari yote ile mpaka Brazili, kwa mashindano. Nafasi ya mshika usukani ni moja tu, kati yangu na mwenzangu. Ataamua baada ya mbio ndogo ya siku mbili, kuzunguka Pemba na kurudi.

Asubuhi ile mwenzangu akanisomea. "Boya la njano, liache kulia."

"Kulia?"

"Kulia. Kwani nimeanza lini kukudanganya?"

Nikacheka. Tena nikamwomba radhi kwa kuuliza.

Kapteni tumbo lilimshika, amelala ndani. Mimi usukani. Upepo ule, ndugu zangu, nyweleni ulikuwa unapiga filimbi. Tukaliacha boya la njano kulia. Mashua nyingine zote zikapita upande wa pili, nami nawacheka, nasema wale wamepotea. Tukafika wa kwanza. Tukaambiwa hatujafika. Boya lilitakiwa liachwe kushoto, tumefutwa.

Kapteni akanipa karatasi mbele ya watu wote. "Onyesha kidole, wapi naandika kulia."

Kidole changu kilitembea juu ya ile karatasi kama kuku aliyepotea jioni. Nikagota kwenye picha ya nanga. Hapo ndipo nikageuka kumtafuta mwenzangu. Mara ya kwanza maishani.

Akasema, "Kapteni, huyu hajui kusoma. Mimi ndiye namsomea siku zote. Na nilimsomea kushoto."

Ndugu zangu, nawaambia, nimewahi kupigwa na wimbi refu kuliko milima ya Udzungwa. Wimbi linakuacha na maji puani. Hili halikuacha kitu. Hakuna aliyekohoa hapo, mmeona?

Yeye akaenda Brazili. Mimi nikarudi huku nikawaambia bahari imekauka, na wengine wenu mkaamini! Nikanywa. Komoni ya Ifakara nzima niliijua kwa majina ya wapishi. Na nikawa mtu wa ajabu: simruhusu mtu akae nyuma yangu. Kanisani benchi la mwisho, mgongo ukutani. Mtumbwi napiga pondo peke yangu, nazunguka kama bata mwenye kizunguzungu.

Mpaka masika yale barabara ilipokatika, na binti wa jirani ana uchungu tangu alfajiri. Maji yalikuwa na nguvu, mtu mmoja hawezi. Vijana wote wapo mashambani. Mke wangu akachukua pondo, akaenda kusimama nyuma.

"Toka huko," nikamwambia.

"Sitoki. Panda."

Tukaondoka. Nikageuka mara ya kwanza, mtumbwi ukayumba. Mara ya pili, maji yakaingia, binti analia kwa woga. Mara ya tatu mke wangu akapaza sauti, "Baba watoto, ukigeuka tena nakuchapa na hili pondo! Kiboko yuko mbele, siyo huku!"

Na kweli alikuwepo. Hatua kumi hivi, masikio tu juu ya maji. Nikapiga kelele, "Kushoto!" Sikugeuka kuona kama amesikia. Mtumbwi ukaenda kushoto. Mtoto alizaliwa Ifakara mchana ule, yule pale anakula mchanga, mtoeni.

Namshukuru mke wangu. Namshukuru katekista wetu, aliyenifundisha kusoma kila Jumapili baada ya misa na hakunicheka. Neno la kwanza nililomwomba anifundishe halikuwa jina langu. Lilikuwa kushoto. Nawashukuru ninyi mliokuwa mnaniletea uji wakati nanuka komoni. Kapteni nilimtumia ujumbe niliouandika mwenyewe, nikamweleza yote. Wiki mbili zilizopita akanirudishia picha ya karatasi ya njia, chini ameandika: soma mwenyewe, uje. Nimeisoma kwa kidole, asubuhi mpaka adhuhuri. Jumatatu naondoka.

Funzo langu ni dogo. Jifunze kusoma karatasi yako, ndugu. Lakini ukishajua, usikae na mgongo ukutani maisha yote, kwa sababu kiboko hatoki ukutani.

La mwisho. Msigeuze shingo, nawaomba. Wewe uliyekaa nyuma yangu, juu ya gunia. Nilisikia umerudi Jumanne. Ya Brazili sijui, sikuuliza. Tangu rozari nimeshakujua kwa kikohozi. Kukusamehe, sijamaliza. Nikisema nimemaliza, mke wangu atakohoa mpaka alazwe. Lakini nimesimama hapa saa nzima, mgongo wangu umeuona wote, na sijageuka.

Ukiwa na neno, liseme. Nakusikiliza hivi hivi.