Nani Atautia Chuma Mtini wa Nyaga

Sikuhadithiwa. Nilikuwepo, benchini, wa pili kutoka ukutani, na anayebisha aje aniulize mimi mwenyewe. Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, Alhamisi mchana, Embu mjini, mbele ya duka la Barre, Msomali aliyeuza sukari, ngozi na kahawa chungu ya vikombe vidogo. Tulikuwa wanne: Nyaga, mwenye mtini, Mutembei, tuliyemwita Bwana Shamba kwa kuwa alimbebea afisa wa kilimo mnyororo wa kupimia kwa miezi miwili, Nyamu, jina la utani Kengele, kwa kuwa aliigonga ya kanisa mpaka ikapasuka, na mimi, nisiye na haja ya kujitambulisha. Ilikuwa Hali ya Hatari, na amri ilishatoka: Jumamosi maboma yote ya upande wa Nyaga yanabomolewa na kuchomwa, watu wahamie kijiji kipya chenye handaki. Mtini ulikuwa nyuma ya nyumba yake, wa pekee Embu nzima. Barre ndiye aliyemletea fimbo yake ya kupanda kutoka kwa wajomba zake kaskazini, na baada ya miaka mitatu ukazaa tini zenye ladha ya asali.

— Tini za aina nyingine zikiletwa huku kwetu haziwezi, alisema Nyaga. Mvua na jua vikikutana siku moja zinapasuka, zinachacha, sisimizi wanahamia. Lakini hii ina tone la utamu kwenye kitundu chake cha chini, limeganda kama lakiri. Maji hayaingii, mdudu haingii. Na ndiyo hiyo inachomwa keshokutwa.

— Ung'oe basi, uhame nao, Kengele akasema.

— Ni mrefu kuliko nyumba, wewe!

— Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Nyenzo hatuna. Kwa hiyo hauendi. Tumwachie Mungu.

Barre akamimina kahawa.

— Warya, jamani, mnasumbuka bure. Kata matawi, urefu wa mkono hivi, upande kijijini. Mimi nilikuletea fimbo, si mti.

Tatizo lilikuwa hapo hapo. Mtini ni ndugu wa mugumo, mti wa matambiko, na mugumo kwetu hautiwi chuma. Mamake Nyaga alikuwa ameshamwonya: atakayeukata, mkono utakauka.

— Lakini si mugumo! Barre akasema.

— Umeona maziwa yake ukichuma jani? Nyaga akauliza. Meupe. Na ya mugumo ni rangi gani?

— Hata ng'ombe ana maziwa meupe, na mnamchinja.

— Msichanganye mambo, Bwana Shamba akaingia. Kwa upande wa kilimo, asali ile si ya mti, ni ya nyuki. Anaingia ndani ya tini akiwa mdogo, anafungiwa, anakasirika, anatengeneza asali. Achana na mti, Nyaga. Hamisha nyuki. Ukifika kijijini uwaoneshe mkuyu wowote, watajaza.

— Nani alikwambia?

— Afisa mwenyewe.

— Kwa lugha gani?

— Kwa kidole.

Kengele akakohoa kama mtu anayepanda mimbari.

— Kwenye Biblia mtini ulilaaniwa, ukakauka bila panga. Tuulaani huu kidogo tu, matawi yajidondokee, kila mtu mikono safi. Mchagua jembe si mkulima.

— Kidogo kiasi gani? Nyaga akauliza, na nakwambia, alikuwa anauliza kwa dhati.

— Kama nusu saa.

Hapo nikaona wanahitaji mtu mwenye akili. Nikawaambia kwamba kule Ruiri nilimwona kwa macho yangu mzee aliyekata mugumo kwa meno. Meno si chuma. Hakukauka mkono, alinenepa. Vikombe vikasimama hewani.

— Shida, alisema Bwana Shamba akimkagua Nyaga, huyu ya mbele amebaki nayo mawili.

Basi tukawa tunapanga nani ana meno ya kutosha, birika limejazwa mara ya tatu, ndipo akaja Wambeti, mke wa Nyaga. Pasi yake ya kutembea ilikuwa inaisha saa kumi.

— Baba Cicily, habari za kahawa?

— Nzuri.

— Jiko nimebomoa. Mizigo nimefunga. Nauliza tu: umekata fimbo ngapi?

Nyaga akamtazama Kengele. Kengele akamtazama Bwana Shamba. Bwana Shamba akatazama ndani ya kikombe. Mimi nikamwomba Barre kahawa nyingine.

Nyaga akasimama, akachukua kisu cha Barre cha kukatia ngozi, akaenda. Zilikatwa fimbo kumi na moja, zikafungwa kwenye gunia bichi. Mlinzi wa lango la kijiji akaambiwa ni kuni. Nne zilioza kwa matope ya masika, saba zikashika, na mwaka wa hamsini na nane nilikula tini zake mimi mwenyewe, tamu kama asali ya Mbeere. Mamake Nyaga alikula tatu, akauliza zimetoka kwa nani.

Yote hayo ni kweli tupu. Kitu kimoja tu nimekitia mimi, kwa sababu Nyaga ni rafiki yangu: kusimama. Hakusimama. Kisu alikichukua Wambeti, na sisi wanaume tukakunja miguu ili apite.