Sekunde Nane za Clive

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Beryl Tranter, fundi wa vinanda vya utepe, aliyefariki hapa Birmingham Jumanne iliyopita. Alikuwa na miaka themanini na sita.

Kinanda cha utepe hakina nyuzi wala mabomba. Chini ya kila kitufe kuna kipande cha utepe chenye sauti halisi: filimbi, fidla, au mtu anayeimba. Ukibonyeza, utepe unavutwa juu ya kichwa cha kusomea, sauti inatoka. Baada ya sekunde nane umekwisha. Sekunde nane tu.

Mwaka 1963 karakana alikofanya kazi Beryl ilitafuta sauti ya mwanamume. Beryl akamleta mdogo wake Clive, mwashi aliyeimba kanisani. Clive akaimba noti moja moja, thelathini na tano.

"Ukinipa chai, dada, naongeza ya thelathini na sita," alisema.

"Imba kwanza. Chai yako naijua, inakuja na pai mbili."

Mwaka uliofuata Clive alikufa kwa homa ya uti wa mgongo. Aliacha binti wa wiki tatu, Gillian. Beryl akamwahidi wifi yake: mtoto akitimiza miaka sita, atamsikia baba yake.

Kisha mvua ikaingia stoo, ikaharibu utepe wa asili. Zikabaki nakala chache ndani ya vinanda vilivyouzwa, na moja karakana.

Vinanda vya kwanza vilikuwa makabati makubwa. Kimoja kikizimwa, utepe ulijirudisha chini kabisa tumboni, mbali na vichwa. Mwaka 1970 msimamizi, Norman Pugh, alibuni kinanda chepesi. Tepe zote zilikaa kwenye fremu moja ya kuchomoa kwa mikono, juu kabisa ya vichwa.

"Kabati lako linabebwa na watu wanne kama jeneza, Beryl," alimtania. "Hiki mama mkwe wangu anabeba peke yake."

"Basi mama mkwe wako ndiye aje akitengeneze kikiharibika."

Beryl alihamishia humo nakala ya karakana ya tepe za Clive. Mchana wa siku ya kuzaliwa ya Gillian, alitaka sauti itoke safi. Akapitisha kifaa cha kuondoa usumaku juu ya vichwa, kama alivyofanya kila Ijumaa kwa miaka kumi. Kifaa hicho hufuta sauti ya utepe wowote ulio karibu, lakini kwenye kabati la zamani hakukuwa na hatari. Kwenye kinanda kipya, lazima fremu itoke kwanza. Mikono yake haikukumbuka.

Gillian aliingia na gauni lake jipya. Akabonyeza. Kukatoka mvumo tu.

"Shangazi," aliuliza, "baba anapumua?"



Vilipokuja vinanda vya kompyuta, karakana ilifungwa. Beryl aliendelea kuandika barua, akiuliza nani bado ana kabati la zamani. Mwaka 1983 kanisa moja la Kidderminster likajibu. Alikwenda na Gillian, sasa msichana wa miaka kumi na tisa. Vitufe thelathini na vinne vilikwaruza tu. Kimoja kikaimba, sekunde tatu, kisha kikakwama.

"Ndiye?"

"Ndiye."

"Bonyeza tena."

"Hapana, Gill. Kila tukibonyeza tunamkwangua. Nitaunakili nyumbani, polepole."

Akauchomoa utepe ule, akaufungia kwenye kopo la biskuti.

Hakuunakili. "Kila nilipomuuliza alisema wiki ijayo," Gillian ametuambia. "Alikuwa anafungua kopo, anaangalia mikono yake, analifunga. Nami nikaacha kumuuliza. Nilimwonea huruma."

Miaka arobaini na moja, wasikilizaji wapendwa. Baada ya mazishi Gillian alipeleka kopo kwa fundi. Utepe ulikuwa umegandamana, na fundi alipoukunjua ule unga wa kahawia unaobeba sauti ulibaki kwenye vidole vyake. Hakuna kilichosalia.

"Nina zile sekunde tatu," anasema Gillian. "Na siku hizi sina hakika kama nazikumbuka, au nazitunga."

Pole sana, Gillian. Poleni nyote mliofanya kazi na Beryl. Tulitamani kuwachezea sauti ya Clive leo. Hatunayo. Kama nyumbani kwako kuna sauti ya mtu uliyoiweka ukingoja siku nzuri, zima redio hii, kaisikilize sasa.